Kigoda cha Milanzi

Kidole cha mkulima wa ulezi hakisomeki kirahisi. Mpini wa jembe umekifuta mistari, baridi ya mwezi wa sita imekikausha, na mashine ya kusajili laini ikikigusa inakataa. "Haijasoma, mama. Weka tena." Anaweka. "Bado. Jaribu kingine." Anafuta kwenye kitenge, anakipulizia pumzi, anaweka cha pili, cha tatu, anarudia cha kwanza. Mara ya tano mashine inakubali. Anapewa laini yake, anashukuru, anakimbilia gari la Mtowisa lisije likamwacha. Hajui kwamba mara ya pili nayo ilikubali, na ya nne pia. Alikuja mjini kutafuta laini moja, ameacha nyuma mbili nyingine zenye jina lake, na jioni hiyo zitakuwa mkononi mwa mtu asiyemjua.

Mjadala huu ulianzia kwenye kidole hicho. Jukwaa ni nyuma ya kibanda cha miamala, karibu na stendi ya Sumbawanga, jioni ya Julai, saa ambayo upepo wa milima ya Mbizi unapenya chini ya mlango na watu wa uwanda wa Ufipa wanavaa makoti ambayo Dar es Salaam wangechekwa nayo. Katikati kuna jiko la mkaa na birika la chai ya tangawizi. Hoja nimezisikia kwa nyakati na midomo mbalimbali. Viti nimevipanga mimi, na wasemaji nimewaita kwa kazi zao. Yupo Wakala, mama mwenye kibanda. Yupo Mstaafu, fundi wa mitambo ya simu tangu enzi za waya na nguzo za miti. Yupo Mwalimu wa TEHAMA wa sekondari. Na yupo Wakili, binti mdogo kuliko wote, aliyerudi nyumbani kusalimia wazazi.

Swali ni moja: serikali inaposhauriwa kuhusu usalama wa mtandao, nani akae kwenye meza ya kushauri?

Swali hilo lina uchungu wake likiulizwa hapa. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zina sehemu inayoonyesha majaribio ya ulaghai wa simu mkoa kwa mkoa, na mara kwa mara Rukwa, mkoa wetu, na Morogoro ndizo zimekuwa juu. Wazee husema jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi": ukiingia, uache mizigo yako mlangoni. Leo mtu wa Tanga au Musoma akipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", anahisi umetoka kwetu. Na ujumbe wa mganga wa kurudisha mume na kuvuta utajiri ndio kabisa, wenyewe hujitangaza kuwa umetoka Sumbawanga, kama vile jina la mji ni muhuri wa ubora.

Mstaafu: Mama, wizi ni wizi, una polisi wake. Usalama wa mtandao wa taifa ni habari nyingine. Wewe unamuwaza tapeli wa elfu hamsini. Kuna mtu amekaa nchi za mbali anawaza kuzima umeme, benki na forodha ya Tunduma kwa usiku mmoja. Majirani zetu Kenya waliionja Julai 2023. eCitizen yao, yenye huduma za serikali zaidi ya 5,000, ilimiminiwa maombi ya uongo mpaka ikazidiwa. Mwenye kutaka pasi ya kusafiria akakwama, wa viza akakwama, wa tiketi ya treni akakwama. Kikundi kilichojiita Anonymous Sudan kikajitapa kwamba ni kazi yake. Sasa siku kama hiyo utamwita nani mezani? Muuza laini?

Wakala: Siku hiyo nitamwita fundi, baba. Siku nyingine zote je?

Mstaafu: Siku nyingine zote ni za mipango, na mipango ipo. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ndiyo iliyoweka TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, ndani ya TCRA. Sheria ya Makosa ya Mtandao ikaanza kutumika Septemba 2015. Tume ya TEHAMA ikaundwa mwaka huohuo. Serikali Mtandao ikapata mamlaka kamili kwa sheria ya 2019. Na Septemba 2024, ITU, lile shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, lilipozipanga nchi kwa usalama wa mtandao, Tanzania tulikaa kundi la kwanza, kundi lenye nchi 46 tu. Kwa Afrika tulikuwa na Kenya, Rwanda, Misri, Ghana, Morisi na Moroko. Hayo hayakuletwa na kelele za stendi.

Wakala: Hongera zetu. Taifa kundi la kwanza kwa ulinzi, Rukwa kundi la kwanza kwa utapeli. Mtihani tumefaulu wote.

Mwalimu: Mzee, naomba niseme kile kipimo kinapima nini, maana wanafunzi wangu waliniuliza. Kinaangalia mambo matano: sheria, ufundi, taasisi, mafunzo na ushirikiano na nchi nyingine. Kinakagua kama nyumba ina mlango, komeo na mlinzi. Si kidogo. Ila hakiulizi kama mwenye nyumba amelala salama. Na kuhusu Rukwa nako tuwe waangalifu. Namba kuhesabiwa katika mkoa si sawa na kusema watu wa mkoa ni wezi. Laini yenye jina la mama wa bondeni inaweza kuwa inatumiwa na mtu aliyekuja jana.

Hapo Mwalimu aligusa jambo ambalo nalo ni la ushauri. Takwimu ikishachapishwa, mkoa unageuka mtuhumiwa, na hakuna anayemwomba mtuhumiwa ushauri. Rukwa huzungumzwa kwenye vikao vya usalama wa mtandao kama mahali pa tukio. Nadra kusikia ikizungumzwa kama mahali penye ujuzi, ingawa watu waliomwona tapeli kwa karibu zaidi, waliomhesabia noti, wako hapa.

Wakili: Nilisoma sheria ya Kenya ya 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta. Iliunda kamati wanayoiita NC4. Moja ya kazi zake ni kuishauri serikali kuhusu usalama wa miundombinu muhimu na, sheria inataja kabisa, pesa za simu. Nikafurahi. Nikageuza ukurasa kuangalia wajumbe. Katibu Mkuu wa usalama wa ndani, Katibu Mkuu wa TEHAMA, Mwanasheria Mkuu, Mkuu wa Majeshi, Inspekta Jenerali wa Polisi, Mkurugenzi wa Ujasusi, Mkurugenzi wa Mashtaka, mkuu wa mamlaka ya mawasiliano, Gavana wa Benki Kuu. Na mkurugenzi wa kamati, katibu wao. Basi.

Wakala: Hakuna anayepanga foleni hapo.

Wakili: Na pesa za simu zimetajwa kwa jina.

Mstaafu: Hao wanawakilishwa. Gavana anaongea kwa niaba ya fedha zenu.

Wakala: Gavana anajua fedha. Anajua floti inavyokauka siku ya mnada? Anajua ni saa ngapi tapeli anakuja kutoa? Mimi najua. Anakuja nikiwa nafunga, ameshika simu tatu, hataki risiti, na anatoa yote mpaka senti ya mwisho, kwa sababu ile laini haitaiona asubuhi. Mtu halali huwa anabakiza. Nani ameniuliza hilo?

Hakuna aliyejibu mara moja. Nadhani hata Mstaafu alikuwa analipima. Kilichosemwa pale ni alama ya hatari ambayo benki kubwa hulipa fedha nyingi kuifundisha kompyuta iitambue, na mama huyu ameipata kwenye stuli ya mbao, kwa kukodoa macho.

Mstaafu: Nakubali unajua. Lakini nikuulize, mama, bila kukukosea heshima. Yule aliyemrudishia mama wa Mtowisa kidole mara tano alikuwa nani? Mdukuzi wa Urusi? Alikuwa kijana wa mwavuli, msajili laini wa hapa hapa stendi, mwenzako wa biashara. Sasa mnataka tumweke mwizi kwenye kamati ya kuzuia wizi. Na kuna siri. Udhaifu wa mifumo ukijadiliwa mbele ya kila mtu, umemchorea adui ramani. Ndiyo maana kuna Baraza la Usalama la Taifa kwa sheria ya 2010, na kamati za usalama za mikoa na wilaya. Mambo ya ulinzi hayasomwi sokoni.

Wakala: Mwenzangu, ndiyo. Ndiyo maana namjua. Baba, umewahi kumuuliza yule kijana analipwaje?

Mstaafu: Na kampuni.

Wakala: Kwa mwezi?

Mstaafu alinyamaza.

Wakala: Hana mwezi. Analipwa kwa laini. Asiposajili, halipwi nauli wala mwavuli. Ana idadi ya kufikisha, na msimamizi wake naye ana ya kwake. Siku wateja hawaji, idadi iko palepale. Ndipo anakuja mama mwenye kidole kigumu, na ugumu wa kidole ni nafasi. "Haijasoma." Mama ataamini, kwa sababu kweli kidole chake huwa hakisomeki, kitambulisho cha NIDA chenyewe alikipata kwa shida hiyohiyo. Laini ya ziada ina mnunuzi tayari, bei yake si ya dukani. Kijana si mwema, simtetei. Ila nyie mnaandika mkakati wa kumkamata yeye. Ule utaratibu wa kumlipa kwa kichwa, uliomzaa, nani ameuandikia mkakati?

Kwangu mimi, hapo ndipo mjadala wote ulipokaa, na yaliyofuata yalikuwa kuuzunguka. Kwenye meza ya ushauri wamo mafundi, na fundi ataona mashine. Wamo polisi, nao wataona mhalifu. Wakialikwa watu wa makampuni ya simu, watasema mengi na ya maana kuhusu mitambo yao, lakini sitarajii mmoja wao asimame aseme: tatizo ni kamisheni tunayotoa. Si kwa ubaya. Mtu halipwi posho ya safari na kampuni ili akaishauri serikali iibane kampuni. Kwa hiyo chanzo kinabaki nje ya chumba, na chumba kinaamua kwa yale kinayoyaona: kampeni ya kuwaelimisha wananchi. Tumekuwa nazo. Tumeambiwa tusitapelike. Tumepewa namba 15040 ya kutuma namba ya tapeli, na *106# ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ni vitu vizuri. Nimevitumia vyote viwili. Lakini ona mzigo umewekwa bega la nani.

Lugha yetu yenyewe inalijua jambo hili. Shauri ni neno la hekima anayopewa mkubwa. Ni neno la kesi mahakamani. Na ukimwambia mtu "shauri yako", umemwachia msiba wake mwenyewe. Serikali hupewa shauri, mkosaji hufunguliwa shauri, mama wa Mtowisa huambiwa shauri yake.

Wakili: Mimi nina tarehe mbili tu. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchi nzima tarehe 1 Mei 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Miaka minne kamili, siku kwa siku. Alama za vidole sheria hiyo inaziweka katika taarifa nyeti. Kwa hiyo kwa miaka minne tulikuwa tunakusanya taarifa nyeti za watu mamilioni, chini ya miamvuli, kabla sheria mahususi ya kuzilinda haijaanza kufanya kazi. Nauliza: katika vikao vya 2018 na 2019, walikuwapo wajumbe wangapi ambao kazi yao ilikuwa kuuliza "na kidole chenyewe je?"

Mstaafu: Tulikuwa na haraka, mwanangu. Laini zisizo na mwenyewe zilikuwa zimejaa. Utekaji, vitisho, wizi, vyote kwa laini za majina ya kubuni. Unakumbuka foleni za Desemba 2019? Mwisho ulikuwa tarehe 31, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Kama tungesubiri sheria zote zikamilike, mpaka leo tungekuwa na laini za jina la Mickey Mouse.

Wakili: Sikatai haraka, mzee. Nasema haraka ilikuwa na wawakilishi, tahadhari haikuwa nao.

Mwalimu alisogeza makaa. Alikuwa amekaa kimya muda mrefu, na nilijua ana hadithi ya mbali, maana ndivyo walimu walivyo.

Mwalimu: Wamarekani walijaribu kitu Februari 2022. Kufuatia agizo la Rais Biden la mwaka uliotangulia, waliunda bodi ya kuchunguza matukio makubwa ya mtandao, kama tume za ajali za ndege. Wajumbe 15, maofisa wa serikali wamekaa pamoja na watu wa makampuni. Ripoti yao ya Agosti 2023 ilihusu kundi la Lapsus$. Vijana wadogo, baadhi hawajamaliza hata shule, waliingia kwenye makampuni makubwa ya teknolojia duniani. Kwa silaha gani? Waliteka laini za simu za watu, waliwahonga wafanyakazi wa ndani, walipiga simu wakijifanya watu wengine. Bodi ikashauri makampuni yaache kutegemea namba za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe wa simu, na ya simu yabane ubadilishaji wa laini. Mzee, unasema adui mkubwa na tapeli wa elfu hamsini ni watu wawili. Bodi ile iliona mlango ni mmoja.

Mstaafu: Na hiyo bodi iko wapi leo?

Mwalimu: Wajumbe waliondolewa wote Januari 2025, utawala ulipobadilika. Walikuwa katikati ya kuchunguza wadukuzi wa Salt Typhoon, walioingia kwenye makampuni ya simu ya Marekani.

Mstaafu: Unaona? Umekusanya wataalamu wa kila aina, wakatoa ripoti nzuri, wakafukuzwa kwa barua moja. Ushauri hauna meno, Mwalimu. Bora chombo kidogo chenye mamlaka kuliko baraza kubwa lisilosikilizwa.

Wakili: Kenya walimpa mshauri meno. Mwaka 2025 sheria yao ilirekebishwa, kamati ileile ya NC4 ikapewa uwezo wa kuagiza tovuti zifungwe. Tangu hapo hakuna anayejadili ushauri wake; wanabishana mahakamani na mitaani kuhusu rungu lake. Mshauri aliyepewa rungu si mshauri tena.

Wakala: Sasa mnataka nini? Asiye na meno hasikilizwi, mwenye meno anang'ata.

Birika lilikuwa limechemka. Wakala akamimina, akaanza na Mstaafu, kisha Mwalimu, kisha Wakili, mwisho yeye. Mteja akagonga dirisha, akahudumiwa: elfu kumi na tano, ada, asante. Aliporudi, Mstaafu alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na sauti imebadilika. Ni mtu wa Milanzi kwa mama yake.

Mstaafu: Niwaambie habari ya kale, nanyi mtaona kwa nini nina wasiwasi na kila mtu kupewa kiti. Mwene wa Milanzi ndiye aliyekuwa mwenye nchi ya Ufipa. Akaenda porini kuwinda. Akamwambia mkewe: wakija wageni, wasikalie kigoda changu. Wakaja wanawake watatu, Watwa, wametoka mbali, wamejipamba, wanatembea kama watu wenye haki. Mke akaingiwa na hofu. Akawatolea kigoda, wakakaa. Mwene aliporudi alikuta nchi imeshakwenda. Hapakupigwa mshale. Akaachiwa kijiji chake cha Milanzi na heshima ya mambo ya mizimu na matambiko. Utawala ukawa wa Watwa. Hao ndio wa kwanza kutudukua, Mwalimu. Hawakuvunja mlango, walimtisha mlinzi. Ndiyo maana nasema viti vilindwe na wanaojua thamani yake. Mtu asiyejua kanuni, hata awe mwema vipi, atamtolea mgeni kigoda.

Masimulizi haya yana matoleo mengi, na mtu wa Nkansi hatayasimulia kama mtu wa Lyangalile. Wengine husema mke hakuambiwa kitu chochote kabla mumewe hajaondoka, kwamba alifanya ukarimu wa kawaida wa Kifipa. Wakala alikuwa wa upande huo.

Wakala: Bibi yangu hakusimulia hivyo. Alisema Mwene aliondoka bila kusema neno. Kigoda kilikuwa na siri, na siri anaijua yeye na wazee wake waliokwenda naye porini. Nyumbani alibaki mwanamke na mboga jikoni. Wageni wakaja mlangoni kwa nani? Kwake. Baba, wewe unamlaumu mke. Mimi nauliza, siku wazee walipokaa kupanga ulinzi wa nchi, aliitwa? Mlango ulikuwa wake na kanuni ilikuwa yao.

Mwalimu alisema "eh!" peke yake. Wakili alikuwa anaandika kwenye simu.

Mstaafu: Lakini hata angeitwa...

Wakala: Angesema, "Mnaondoka wote, mnaniacha peke yangu na kigoda sebuleni? Kifungieni ndani." Hiyo si elimu ya chuo. Ni mtu anayejua nyumba yake inaingiliwa wapi.

Sitaki msomaji adhani Mstaafu alishindwa. Alikaa, akanywa chai, akasema jambo la haki: kwamba Milanzi aliyepoteza utawala ndiye aliyebaki na neno zito kwenye mambo ya nchi, vizazi kwa vizazi, bila askari hata mmoja, kwa sababu watawala wapya walijua kuna mambo hawayajui. Ushauri, alisema, hupata uzito pale anayetawala anapoogopa ujinga wake mwenyewe. Hakuna sheria inayoweza kuiumba hofu hiyo. Wakili akajibu kwamba sheria inaweza angalau kuweka kiti karibu. Ile sheria iliyounda TCRA mwaka 2003 iliunda pia baraza la ushauri la watumiaji, na kuliruhusu liwe na kamati za watumiaji mikoani. Maoni yake yanaweza kupelekwa kwa mamlaka na hata kwa waziri. Wakala akauliza kama hiyo kamati inapokea kidole. Wakili akasema inapokea barua.

Mstaafu: Basi tuandike.

Wakala: Nani?

Mstaafu: Wewe useme, mimi niandike. Nimeandika nyaraka za serikali miaka thelathini, najua zinavyosomwa.

Karatasi haikuwapo. Akapewa daftari la miamala, nyuma, kurasa za mwisho ambazo hazijachorwa mistari. Akavaa miwani, akaandika tarehe, akaandika "YAH:" kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake kwa rula ya Mwalimu.

Wakala: Andika kwanza: anayesajili laini, kabla hajaomba kidole mara ya pili, alazimike kumwonyesha mteja kioo cha simu yake na kumsomea kilichoandikwa. Kama mteja hajui kusoma, amsomee aliye naye.

Mstaafu: "...anashauriwa kumwonyesha mteja..."

Wakala: Nimesema alazimike.

Mstaafu: Mama, hii ni barua ya maoni. Kwenye maoni hatulazimishi mtu. Ukiandika "alazimike", karani wa kwanza atakayeipokea ataona huyu hajui utaratibu, ataiweka pembeni.

Wakala: Na ukiandika "anashauriwa"?

Mstaafu: Itafika.

Wakala: Ikifika itafanya nini?

Akafikiri. Nje gari la mwisho la Laela lilikuwa linapiga honi. Akakata "anashauriwa" kwa mstari mmoja mwembamba, wa kiofisi, ule unaoacha neno la chini lisomeke, akaandika juu yake "atakiwe". Wakala akaligeuza daftari upande wake, akalisoma kwa kidole, neno kwa neno.

Wakala: "Atakiwe" na nani?